Kadi ya Kompyuta Niliyoichagua kwa Meno

Mimi si mtu wa kudanganywa sokoni. Hilo nataka lieleweke mapema, kabla hatujafika mahali ambapo wengine wataanza kucheka. Nilitoka Mugoma na baiskeli isiyo na breki, nikapeleka maharage Ngara mjini huku nikishuka milima kwa kuburuza miguu, na leo mtu akijenga nyumba wilayani hapa bila kupita kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi, mabati yake yatampigia kelele upepo ukivuma. Shule niliishia darasa la nne. Wengine wanasema niliacha. Mimi nasema nilihitimu mapema.

Ubavuni mwa duka nina studio ya picha na video za harusi. Niliifungua kwa sababu niliona kitu ambacho wenye digrii hawakukiona: watu wa huku wanaweza kuahirisha kuezeka nyumba miaka mitatu, lakini harusi hawaahirishi. Studio inaendeshwa na binti yangu mkubwa, mwenye miaka ishirini na sita, aliyesomea mambo ya video chuoni Mwanza. Nilimsomesha mimi. Nalitaja hilo mara kwa mara, na yeye amelizoea kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani.

Sasa, kila mtu anajua kwamba harusi haiishi siku ya harusi. Inaisha siku ya kuvunja kamati, pale kamati inapokutana kula nyama ya mwisho, kushukuriana kwa hotuba ndefu na kuangalia video. Hotuba ni za adabu tu. Watu wamefuata video. Mwenyekiti anataka kujiona akitoa amri. Mhazini anataka kujiona akionekana mwaminifu. Mama mkubwa wa bibi harusi anataka kujua kama kitenge chake kilionekana vizuri kuliko cha shangazi.

Kwenye kuvunja kamati moja huko Ntobeye, kompyuta yetu ya zamani ilituvua nguo. Video ilianza kukwamakwama kama gari lenye maji kwenye mafuta, kisha ikaganda kabisa. Ingeganda kwenye maua, au kwenye keki, tusingesema. Iliganda kwa baba wa bibi harusi, mdomo wazi, kijiko cha pilau kimefika nusu ya safari. Robo saa nzima! Mwenyewe kakaa mstari wa mbele, anajitazama ukutani akiwa na ukubwa wa lori. Binti yangu alikuwa kando ya projekta anabonyeza hiki, anabonyeza kile, jasho linamtoka.

Mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Mpeni maji huyo mzee, atapaliwa!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kesho yake binti yangu alikuja dukani, akasimama kati ya mifuko ya saruji.

"Baba, kuna studio kubwa Mwanza wananiita. Tuna harusi ya kule Mbuba, kuvunja kamati ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikiaibika tena mbele za watu, Jumatatu yake napanda gari."

"Si nitakununulia mashine mpya?"

"Nunua. Lakini vifaa nichague mimi."

Nilicheka kwa sauti, kama ninavyofanya nikiogopa. Nina watoto watano. Wanne wako mbali; nawajua kwa simu, na kwa picha za vyakula wanavyokula. Huyu ndiye pekee ninayemwona kwa macho akimaliza sahani yake. Akiondoka, nitabaki na saruji.

Basi akaanza kuagiza. Alichagua kasha, akachagua ubao wa ndani, akachagua lile sanduku linalogawa umeme. Vilikuja na basi kimoja kimoja, kama ndugu wanaokuja msibani kutoka mikoa tofauti. Nilivipokea bila kusema neno, jambo lililonigharimu sana. Mwisho kikabaki kifaa kimoja, kadi ya grafiki. Alinieleza kwamba kompyuta inafikiri, lakini kadi ndiyo inayochora picha. Bila kadi ya maana, video ya harusi inachukua siku mbili kuiva. Ukiwa nayo, inaiva huku unakunywa chai.

Fundi mmoja wa Biharamulo mjini alikuwa amepokea kadi kadhaa zilizotumika. Binti yangu alitaka kuzifuata Ijumaa, maana Alhamisi alikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi mwingine. Mimi nikasema nitakwenda Alhamisi, tuokoe siku.

Alitafuta kalamu. Kisha akaandika kikaratasi. "Baba, jina lake hili hapa. Urefu usizidi huu. Na usisahau waya wake, sanduku letu la umeme halina mdomo wa kadi. Tafadhali."

Nilikikunja, nikakitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Nilikiangalia kidogo ndani ya basi: herufi na tarakimu zimefuatana kama namba ya gari la serikali. Nikakirudisha. Yeyote aliyewahi kufika mnadani anajua kwamba mnunuzi anayesoma karatasi ndiye anayeuziwa ng'ombe mwenye kikohozi. Mimi nimechagua ng'ombe tangu nina miaka kumi na moja, na sijawahi kupeleka nyumbani mnyama akanifia. Nikajiambia, kitu kisichokula majani hata mara moja kitanishindaje?

Hata hivyo mnadani hatuendi peke yetu. Lazima uwe na jicho la pili. Nikashuka Nyakahura, nikamchukua rafiki yangu, mfugaji wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia huku kutoka Shinyanga akifuata malisho. Kompyuta hajawahi kuigusa. Lakini ng'ombe akipita mbele yake, anakwambia mama yake alikufa kwa ugonjwa gani.

"Tunakwenda kununua nini?" akaniuliza tukiwa tumeshaipita Lusahunga.

"Kadi ya grafiki."

"Ya kike au ya kiume?"

"Tutaona."

Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, mpole, mwenye duka safi kupita kiasi. Nikamshuku papo hapo.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Tunataka ya kuchora harusi."

Akatuwekea tatu mezani. Mbili zilikuwa ndogo, zina feni moja moja. Ya tatu, ndugu zangu, ilikuwa dume. Ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, feni tatu zimejipanga kifuani, nzito kiasi kwamba meza ilitoa mlio ilipolazwa. Rafiki yangu akasogea. Aliizunguka. Akainama akaichungulia ubavuni, kwenye vile vibati vyembamba vilivyopangana.

"Huyu ana mbavu," akasema. "Huyu alilishwa." Akaigeuza. "Meno?"

"Meno gani, mzee?" fundi akauliza.

"Si haya hapa." Chini ya kadi kulikuwa na safu ya meno madogo ya rangi ya dhahabu. Rafiki yangu akayapitishia kidole, taratibu, kama anavyofanya kwa fahali. "Yote yapo. Hayajalika. Bado kijana."

"Wazee, niwe mkweli," fundi akasema. "Hiyo kubwa ni ya zamani. Hii ndogo ni ya juzijuzi, inafanya kazi kuliko hiyo, na haili umeme mwingi."

Tukatazamana na rafiki yangu, tukajizuia kucheka. Muuzaji anapomsifia ndama aliyekonda, maana yake yule aliyenona anataka abaki naye. Mtoto mdogo wa Mugoma anajua.

"Inakula sana?" rafiki yangu akauliza kuhusu kubwa.

"Sana, mzee."

"Dume lisilokula ni gonjwa."

"Kasha lenu lina nafasi ya urefu gani?"

"Zizi langu si tatizo," nikasema, na nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Kile kikaratasi kilikuwa kifuani, kimelala.

Tukakubaliana. Fundi akaifunga kadi kwenye boksi, halafu akafungua droo, akatoa waya mfupi, mweusi, una midomo miwili.

"Na waya wake huu. Huu nawapa bure."

Tulirudi nyuma wote wawili, hatua moja, kwa pamoja.

Kwetu, ng'ombe akiuzwa, kamba hubaki kwa muuzaji. Baba yangu alikuwa anaivua shingoni mwa mnyama mbele ya mnunuzi, anaiviringisha, anaitia kwapani. Ukichukua kamba ya mtu umechukua na zizi lake. Muuzaji atabaki mtupu, na ng'ombe kwako hatatulia, atakuwa anatazama alikotoka. Mnunuzi mwenye heshima huja na kamba yake. Rafiki yangu naye akasema kwa baba yake ilikuwa hivyo hivyo. Sasa huyu anatupa kamba, tena bure! Kwa nini mtu agawe kamba yake bure? Kuna kitu anatuhamishia.

"Baki nayo," nikamwambia.

"Mzee, bila huu haiwaki."

"Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Nyaya nauza kwa mita. Nyekundu, nyeusi, ya njano yenye mstari wa kijani. Ng'ombe wangu nitamfunga kwa kamba yangu."

"Ng'ombe gani, mzee?"

Alitufuata mpaka barabarani, waya mkononi, anaomba kama mtu anayedai. Tukaongeza mwendo.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Niliweka boksi mezani studio, nikarudi nyuma na kukunja mikono kifuani, tayari kwa kusifiwa. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kwenye sherehe yake, kamera bado shingoni. Akafungua. Akatazama muda mrefu. Akachukua rula.

"Baba, hii haiingii."

"Itaingia."

"Inazidi kasha kwa vidole vinne."

"Naleta grainda."

"Utaikata kadi?"

"Kasha! Nalitoboa dirisha upande, inachungulia nje, inapata na hewa."

Alikuwa anatikisa boksi, anachungulia ndani yake, anageuza mfuko wa nailoni. "Waya wake uko wapi?"

Nikamweleza habari ya kamba. Nilimweleza vizuri, tangu babu yake, nikitegemea kwamba mila ikielezwa vizuri inaeleweka. Nikamwonyesha na waya niliokuwa nimeshamkatia dukani, mita moja nzima, mzuri, wa kufungia umeme wa nyumba.

"Hebu subiri nikuunganishie," nikasema. "Nyekundu na nyekundu."

"Baba. Weka hiyo chini."

Kwa sauti hiyo mama yake alikuwa akiniambia niache kujibishana na mgambo. Niliuweka chini.

"Ulisoma karatasi yangu?"

Kifungo cha mfuko kilikuwa bado kimefungwa. Alikiona mwenyewe. Hakulia, hakugomba, alirudisha kadi kwenye boksi kwa mikono miwili, akafunga studio, akaenda ndani.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameshaoga, amevaa viatu vya safari. Mkononi boksi la kadi, begani begi.

"Unakwenda wapi?"

"Biharamulo."

"Na begi?"

"Nikichelewa gari nitalala huko," akasema, akatoka.

Begi lilikuwa limejaa. Mtu wa kwenda Biharamulo na kurudi habebi begi lililojaa. Tena gari linalokwenda Mwanza linapita Biharamulo hiyo hiyo. Mtu anaweza kushuka, na anaweza asishuke.

Siku hiyo nilishinda studio. Alikuja bwana mmoja anataka picha ndogo za kwenye fomu. Nilimkalisha, nikampiga vizuri tu, ila kuzitoa kwenye mashine nikashindwa. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Mashine ikatoa karatasi moja nyeupe, kisha nyingine nyeupe, kisha ikaanza kulia.

"Mzee, kwani studio si yako?" akauliza.

"Ni yangu."

"Sasa?"

Nikamwambia arudi kesho. Kisha nikampigia simu rafiki yangu wa Nyakahura, nikajifanya nauliza hali ya malisho.

"Malisho yapo. Binti yako nimemwona hapa. Yuko kwenye gari la Mwanza."

"Alikuwaje?"

"Kakaa dirishani. Kanisalimia vizuri, shikamoo baba, halafu kanitazama kama nimemwibia." Kisha akauliza: "Lile dume tulilochagua lina tatizo?"

"Halina tatizo. Limekosa kamba."

Sikumpigia mwanangu. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika. Mimi huyu niliyewahi kusimamisha lori la saruji katikati ya barabara kwa kuliamuru tu, nilishindwa kubonyeza jina moja. Niliogopa kusikia kelele za stendi ya Mwanza nyuma ya sauti yake. Wateja wa duka walikuja wakaulizia misumari, nikawauzia bila hata kuwasimulia nilivyoanza na baiskeli. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Saa kumi jioni mlango wa studio ukafunguliwa. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaweka mezani boksi dogo, nusu ya lile langu, na juu yake ule waya mfupi mweusi.

"Fundi amekubali kubadilisha," akasema. "Anakusalimia. Ameuliza kama ng'ombe wako amefika salama."

Nilitaka kuuliza begi lilikuwa la nini. Alilifungua mwenyewe: lilikuwa na kasha letu la kompyuta. Zima zima. Alilibeba kutoka Ngara mpaka Biharamulo na kulirudisha, ili kadi ijaribiwe ndani yake kabla ya kununuliwa. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kwenda mnadani na zizi lake begani.

Ile ndogo ilipowaka, feni yake moja haikutoa hata sauti. Jumamosi binti yangu alipika harusi nzima ya Mbuba, maarusi, ngoma, mvua na yote, na bado akapata muda wa kumtolea yule bwana picha zake za fomu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Video ilitembea kama maji. Mwenyekiti alijiona akitoa amri, akatoa nyingine palepale kwa furaha. Mama mkubwa alijiona, akasimama, watu wakampigia makofi akiwa mara mbili, ukutani na mbele ya kiti chake. Ilipokwisha, mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Mzee wetu ameleta mashine! Mzee huyu anajua kuchagua! Mzee, hebu simama utwambie, umeipataje?"

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kijivu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na neno lililokuwa limefika kwenye ulimi lilikuwa "mimi", maana ni neno langu la kwanza kila ninapopewa kipaza sauti. Binti yangu alikuwa kando ya projekta, anaviringisha nyaya, hanitazami. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaviringisha kama mtu anayejua vizuri kitakachosemwa.

"Amechagua huyu," nikasema. "Mimi nilichagua nyingine. Nilienda na Msukuma wangu, tukatazama meno."

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikasimulia yote: mbavu, zizi, grainda, na jinsi nilivyoikataa kamba ya mtu. Ukumbi ulivunjika. Wanawake wa kamati walishikana mabega. Hapo akainuka mzee mmoja wa meza ya wafugaji, hacheki hata kidogo.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi naona huyu mzee alifanya sawa. Kamba haichukuliwi."

"Lakini ni waya, baba!" akapaza sauti kijana wa upande wa bwana harusi.

"Huo waya umeshika shingo ya kitu? Basi ni kamba."

"Hata ukipewa bure?"

"Bure ndiyo mbaya zaidi!" meza nzima ya wafugaji ikaitikia.

Mwenyekiti akagonga chupa ya soda kwa kijiko, hakuna aliyemsikiliza. Upande mmoja ulisema fundi sasa amepata hasara ya baraka, maana kamba yake imeshachukuliwa, upande mwingine ukauliza kama chaja ya simu nayo ni kamba, na je, simu ikiuzwa chaja ibaki? Kamati ilivunjika siku ile kweli kweli. Nikageuka, nikamwona binti yangu amekaa sakafuni kando ya projekta, nyaya zimemwagika miguuni, anacheka mpaka amejishika tumbo. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Ntobeye.

Jumatatu niliamka mapema, nikaenda studio kwa kisingizio cha kukagua bati linalovuja, ingawa hakuna bati linalovuja kwenye jengo langu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ndani, anazungumza na simu.

"Nashukuru sana," alikuwa anasema. "Hapana, siji. Kwa sasa bado nina kazi huku." Akakata, akaniona. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Unajua ni nani." Akanivutia kiti. "Nabaki. Lakini kitu chochote chenye waya, hukinunui."

"Hata pasi?"

"Hata pasi."

"Mimi mtu mzima! Mimi ninayeuza nyaya!"

"Uza. Usinunue."

Nikamwambia nitalifikiria, kama mfanyabiashara mzoefu anavyosema akiwa ameshakubali.